Sheria ya Mapana

Nchi ya Nyua haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na wenyeji wake wala hawana habari kwamba wamesahauliwa. Aliyefika huko na kurudi ni fundi mmoja wa majiko aitwaye Nyamizi binti Kasubi, mwanamke wa makamo, mwenye viganja vigumu na ulimi usiopenda kuzungukazunguka. Alifikaje, hakupenda kueleza, nami sikumbana. Alichokieleza ni mambo ya siku nne.

Watu wa nchi hiyo ni watu kama sisi, ila kila mmoja huzaliwa na jiko kifuani. Halionekani kwa macho, lakini ukisogeza mkono utalihisi. Kuzunguka mwili wake mtu hubeba nyua, yaani pete za matete zilizofumwa vizuri, zinazoning'inia kwa kamba kutoka mabegani, pete moja nje ya nyingine. Ndani ya nyua hizo wanaishi njiwa. Ua wa kwanza, ulio karibu na kifua, una viota viwili tu. Unaofuata una viota vinane, na unaofuata tena vinane. Kuna mwenye nyua mbili, kuna mwenye tatu, kuna mwenye nne au, kwa nadra, zaidi, na hawa wakipita sokoni watu hujibana ukutani wawapishe. Nyua za ndani huwa zimejaa daima. Kinachotofautisha mtu na mtu ni ua wake wa nje.

Wale ambao ua wao wa nje nao umejaa huitwa Waliotimia, na ndio watawala. Nyamizi aliwakuta barazani, watu saba kwenye viti vilivyoachana, hakuna anayemgusa mwenziwe. Waliotimia hawaoi wala hawaolewi, hawagombani, hawaendi kwa jirani kuomba moto. Mawaidha yao kwa raia ni yale yale asubuhi na jioni: tulia, jizuie. Wao wenyewe wametulia mno, na jambo hilo wanalihesabu kuwa ni maadili.

Mlangoni pa baraza ilibandikwa sheria moja fupi. Ilisema kwamba kadiri mtu anavyokuwa mpana ndivyo tabia yake inavyokuwa mbaya. Aliyeitunga ni Bwana Mwinjuma, Mpimatabia Mkuu, mmoja wa wale saba, mzee msafi mwenye kamba ya mafundo aliyokuwa akiwapimia watu mapana. Hakuitunga kwa kubahatisha. Aliwachukua watu watatu, kila mmoja mwenye njiwa mmoja tu kwenye ua wa nje, akawaamuru wasogee kisimani mmoja mmoja, kwa kuwa viumbe wakaao ndani ya maji ya kisima daima wana viota vitupu, na kiota kitupu humvuta njiwa. Fundi viatu mwenye nyua mbili aliposogea, maji yalitoa povu, basi. Mama muuza vitumbua mwenye nyua tatu aliposogea, maji yalichachamaa, naye akazungushwa kisima kizima kama pia ya watoto. Wa tatu alikuwa Bi Magashi, mwenye nyua nne, na huyo hakusogea sana kabla kisima hakijawaka moto wa rangi ya zambarau. Bwana Mwinjuma alikunja kamba yake, akaenda nyumbani, akaandika Sheria ya Mapana. Kisha akamshitaki Bi Magashi kwa kuchoma kisima cha umma.

Nyamizi alipangiwa malazi kwa huyo huyo Bi Magashi. Mgeni asiye na ua wala njiwa, walisema, hana cha kupoteza pale.

Alimkuta ameketi uani, pete zake zimetandaa juu ya majani. Mle kwenye ua wa nje njiwa mmoja alikuwa akihangaika, anaruka kiota hiki hadi kile, anachungulia nje. Bi Magashi alikuwa amemfunga uzi mguuni, na ncha ya pili ya uzi ameizungusha kwenye kidole chake cha shahada. Kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi.

“Kwani ukimwachia itakuwaje?” Nyamizi aliuliza baada ya kukaribishwa.

“Atakwenda kwa yeyote mwenye kiota kitupu. Na akienda, mwenzangu, huwaka njiani. Ndivyo kisima kilivyowaka.”

“Hukumwachia makusudi.”

“Makusudi ya nini? Niliambiwa nisogee, nikasogea. Bwana Mwinjuma mwenyewe alisimama pembeni na kamba yake. Uzi ukakatika, akawaka, nikamdaka kabla hajafika majini.” Alikivuta kidole kwa nguvu, maana njiwa alikuwa amejaribu tena. “Kesi yangu ni mtondo. Wakinikuta na hatia natiwa mafutani.”

Akamweleza mafutani ni wapi. Nyuma ya baraza kuna birika pana la mawe lililojaa mafuta mazito, na juu yake kuna mfuniko wa mbao. Mtu hukalishwa humo mpaka kidevuni, pete zake zikielea, ili njiwa wake asimwone mtu na mtu asimwone yeye. Hakuna muda wa kutoka.

“Yupo mtu kule, huu mwaka wa tisa,” alisema Bi Magashi. “Tulikua naye. Juzi nilijaribu kulikumbuka jina lake nikashindwa. Kufa siogopi. Naogopa kukaa mle nikiwa hai.”

Nyamizi hakuwa mtu wa kutoa machozi ovyo, lakini alikiangalia kile kidole na moyo ukamuuma kweli kweli.

Mtu aliyefinyanga majiko miaka thelathini ana mazoea yake. Akiingia jikoni kwa mtu, kabla hajasema neno hunyoosha kiganja kutafuta joto linafika wapi na linakomea wapi. Jioni ile Nyamizi aliomba ruhusa, akainama, akapita chini ya matete hadi kwenye kifua cha mwenyeji wake. Pale mkono haukukaa. Lilikuwa jiko kubwa, la makaa kumi na tisa. Alirudi nyuma polepole, kiganja kimetangulia. Kwenye ua wa kwanza joto lilikuwa kali. Kwenye wa pili walijipanga njiwa wanane wamefutua manyoya, wamelipokea joto lote mgongoni, na waliokaa nyuma yao walipata masazo. Ua wa tatu ulikuwa vuguvugu. Alipofika ua wa nne alikaa na kiganja chake hewani muda mrefu, asiwe na hakika kama anahisi kitu. Akamgusa yule njiwa. Alikuwa akitetemeka.

“Huyu ana baridi,” alisema.

“Tangu nizaliwe,” alijibu Bi Magashi. “Hakuna aliyewahi kuniuliza.”

Kesho yake Nyamizi aliwazungukia wale wawili wengine wa kisimani. Jiko la fundi viatu lilikuwa dogo mno, makaa matatu tu, lakini njiwa wake wa nje alikaa karibu nalo, na waliomkinga ni njiwa wawili. Alikuwa na nafuu yake, alisinzia. La mama muuza vitumbua lilikuwa kubwa zaidi, lakini njiwa wake alikaa mbali zaidi, nyuma ya njiwa kumi, na tayari alishaanza kuchungulia nje. Wa Bi Magashi alikaa nyuma ya njiwa kumi na wanane. Joto la kila kaa linaloongezeka kifuani lilimezwa na njiwa anayeongezeka ndani, na umbali ukabaki kuwa umbali. Nyamizi alisimama katikati ya njia akasema kwa sauti, peke yake, kwamba hapa hapana tabia. Wapita njia walimtazama wakaendelea na safari zao.

Swali la upande wa pili, yaani yule njiwa anakimbilia joto la nani, hakujiuliza siku hiyo. Baadaye alijilaumu sana.

Siku ya tatu alikwenda barazani kuomba kusikilizwa, na alisikilizwa. Waliotimia humsikiliza kila mtu.

“Waheshimiwa,” alisema, “yule njiwa ana baridi. Jiko liko mbali naye na wenzake kumi na wanane wamelizunguka. Mtu yeyote mkimvika nyua zile atakuwa hivyo hivyo, awe mwema, awe mbaya.”

Bwana Mwinjuma hakumkatiza hata mara moja.

“Nimekuelewa, mama mgeni,” alisema. “Lakini nitazame mimi. Jiko langu lina makaa kumi na manane. La Bi Magashi lina kumi na tisa. Ananizidi kaa moja tu, na njiwa mmoja. Mbona mimi sijawahi kuchoma kisima?”

“Kwa sababu ua wako wa tatu ndio wa mwisho, na umejaa, Mheshimiwa. Njiwa wako hawana sababu ya kutoka, na hapana nafasi ya mwingine kuingia. Kaa moja lile lilimletea mwenzako njiwa mmoja wa kwenda kukaa nje peke yake kwenye baridi. Angezaliwa amepungukiwa kaa hilo, leo angekaa hapo kwenye viti nanyi.”

“Kumbe,” alisema Bwana Mwinjuma. “Mimi nilidhani ni malezi.”

Wenzake sita walitikisa vichwa kwa pamoja, taratibu. Hakuna aliyekasirika. Nyamizi angefurahi kama wangemtukana, maana mtu anayekutukana walau umemgusa. Baraza lilimshukuru, kisha likaendelea na ajenda, ambayo ilikuwa kama mafuta ya birika yawe ya ufuta au ya mawese. Jambo hilo walilijadili kwa utulivu saa nzima na robo. Mmoja alipendekeza liahirishwe hadi mwaka ujao, akaungwa mkono.

Hapo ndipo Nyamizi alipomwangalia karani.

Karani wa baraza aliitwa Fumu. Alikuwa mgeni kazini, ana siku sita tu. Aliyemtangulia, mtu wa nyua tatu, alikuwa amefukuzwa kwa Sheria ya Mapana, kwa vile ua wake wa nje ulikuwa na njiwa saba na kiota kimoja kitupu, na mapana yake yalivuka fundo la kamba. Fumu naye alikuwa na njiwa saba na kiota kimoja kitupu, lakini nyua zake ni mbili. Alikuwa mwembamba, anapenya mlango bila kugeuka ubavu.

“Tumempata mpole,” Bwana Mwinjuma alimwambia mgeni kwa fahari. “Mwone alivyo mwembamba.”

Nyamizi alimwona. Aliona pia kioo cha dirisha lililo karibu na meza yake, kimelika pembeni, kimepauka kama macho ya mtu mwenye mtoto wa jicho. Kidau chake cha wino, nacho cha kioo, kilikuwa kimetoboka na wino unachuruzika sakafuni. Kona ya meza haikuwepo. Alimsogelea kana kwamba anataka kuuliza saa, akanyoosha kiganja. Hatua mbili kabla ya kumfikia aliurudisha mkono haraka. Jiko la karani lilikuwa na makaa tisa tu, lakini ua wake wa nje ulikuwa pale pale kifuani, umekingwa na njiwa wawili, na kile kiota kitupu kilikuwa kinaota joto mchana kutwa. Njiwa yeyote mwenye baridi angekuwa radhi afe ili akifikie.

Kwa wenye njiwa mmoja, mpana ndiye wa kuogopwa. Kwa wenye kiota kimoja kitupu ilikuwa kinyume chake kabisa, mwembamba ndiye anayevuta kuliko wote. Bwana Mwinjuma aliwapima wale watatu wa kisimani, akakunja kamba, akaiandika sheria kwa watu wote.

Karani alikuwa ameuona ule mkono. Alimfuata hadi ukumbini.

“Umehisi,” alisema kwa sauti ya chini.

“Nimehisi. Wao hawajui?”

“Wameandika kwamba nina bahati mbaya na vyombo. Wiki hii nimemaliza vidau vitatu, mama. Sivitii mdomoni, navikaribia tu vinalika. Nikisikia njiwa analia mtaani mate yananijaa, nashika kiti mpaka apite.” Alimeza mate. “Na kesho wanamleta yule mama. Utaratibu unasema karani ampokee njiwa wa mwenye hatia mkononi, amfunge utepe mguuni, amwandike, ndipo arudishwe na mwenyewe atiwe mafutani. Yule mtangulizi wangu walau kiota chake kilikuwa mbali kidogo na moto. Mimi sitaweza. Nakuomba, usiwaache wamlete mbele yangu.”

“Waambie mwenyewe.”

“Nikisema watanitia mafutani. Hayo mafuta nayo nitayala.”

Nyamizi alirudi barazani akasema yote. Bwana Mwinjuma aliinuka bila haraka, akamwita karani, akamzungushia kamba mbele ya watu. Kamba haikufika hata fundo la pili.

“Mpole,” alisema, akaikunja.

Asubuhi ya siku ya nne wanawake hao wawili walitembea pamoja kwenda kwenye hukumu. Mawingu yalikuwa yametanda na Bi Magashi alitembea akitazama juu, maana hata manyunyu yangetosha kumletea balaa. Uzi ulikuwa umemkata kidole sasa. Njiani Nyamizi alimwambia jambo lote la karani, hakumficha kitu.

“Una njia mbili,” alisema. “Ukikataa kumtoa njiwa wako, watakutia mafutani pale pale. Ukimtoa, Fumu atamvuta apende asipende, na mtawaka nyote wawili. Kisima kile kitakuwa mchezo. Sijui kama mtapona, mwenzangu. Siwezi kukudanganya.”

Bi Magashi aliyatazama mawingu tena.

“Na nikipona?”

“Ua wako wa nne utabaki bila njiwa, utaanguka. Wa tatu umejaa. Utakuwa kama wao.”

“Kama kina Mwinjuma?”

“Kama wao kabisa.”

Bi Magashi alicheka, mara ya kwanza kwa siku zote nne, na kicheko chake kilikuwa kizuri. “Basi nitakaa nao kwenye viti vyao, niwaambie baridi ni kitu gani. Watanisikia mimi, si nitakuwa mwenzao? Ule mfuniko nitaufunua mwenyewe. Naapa, Nyamizi, sitamwacha mtu mle ndani.”

Kesi haikuchukua muda. Kisima kiliwaka au hakikuwaka? Kiliwaka. Nani alikuwa karibu? Ni yeye. Kamba ilipitishwa, mafundo yakahesabiwa, hukumu ikatolewa kwa sauti ile ile waliyojadilia ufuta na mawese. Walinzi wawili walikwenda nyuma kufungua mfuniko, na harufu ya mafuta yaliyolala miaka ikaingia barazani.

“Karani,” alisema Bwana Mwinjuma, “mpokee njiwa umwandike.”

Fumu alikuwa ameshasukuma kiti chake hadi ukutani. Mgongo wake uligusa jiwe na hapakuwa tena pa kwenda. Alikuwa ameshika utepe kwa mikono miwili, na utepe ulikuwa ukilika vidoleni mwake, uzi baada ya uzi.

“Waheshimiwa, naomba ruhusa nitoke,” alisema.

“Kuna nini?”

“Naumwa.”

“Utaumwa baada ya kuandika.”

Nyamizi alisimama akasema kwa nguvu kwamba wenye uwezo wa kutoka watoke. Watu wa nyuma walitoka mbio. Wale saba walimtazama kwa heshima na kubaki vitini. Angeweza kukimbia yeye pia, lakini alibaki mlangoni, roho juu, ameshika mwimo.

Bi Magashi alisogea hatua moja. Njiwa wake aliacha kuhangaika. Kwa mara ya kwanza alitulia tuli, kichwa amekielekeza upande mmoja. Hatua ya pili. Njiwa saba wa Fumu walijisogeza wenyewe kwa wenyewe, wakaacha kile kiota wazi. Fumu alifumba macho, machozi yanatiririka. Bi Magashi alianza kuufungua uzi kwenye kidole, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, na ulikuwa umezama kwenye nyama, ikambidi auchomoe. Alimgeukia Nyamizi mara moja tu. Kisha akaachia.

Nyamizi hakumwona njiwa akiruka. Aliona mwanga wa zambarau ukijaza chumba, akasikia vioo vyote vikiondoka kwa pamoja, na paa likanyanyuka na kwenda zake. Alitupwa nje, nyusi zimeungua, masikio yanalia. Alirudi akitambaa, anaita jina la Bi Magashi na hasikii sauti yake mwenyewe.

Ndani palikuwa peupe. Vumbi jeupe lilikuwa linaanguka taratibu juu ya kila kitu. Waliotimia wote saba walikuwa wameketi vile vile kwenye viti vyao, hakuna hata mmoja aliyepoteza unyoya, na mmoja alikuwa anauliza kama sasa waende ajenda ya pili. Katikati ya sakafu walikaa Bi Magashi na Fumu, wamejaa vumbi lile kama watu waliotoka kusaga unga, bega kwa bega. Njiwa wanane wa Fumu walikuwa wamelala. Ua wa nne wa Bi Magashi ulikuwa majivu miguuni pake, na kwenye ua wa tatu njiwa wanane walijipanga, shingo ndani ya manyoya. Alikuwa akipumua. Nyamizi alipiga magoti akalia kwa furaha, hakuona aibu.

Walinzi walijaribu kuwatenganisha wale wawili wakashindwa. Kila mmoja alimvuta mwenziwe bila hata kukusudia, na mwisho wakaachwa. Bwana Mwinjuma alileta kamba, akampima Bi Magashi, akahesabu mafundo mara mbili.

“Nyua tatu, zimejaa,” aliwatangazia wenzake. “Amejirekebisha. Sheria imefanya kazi.”

Ikaandikwa hivyo. Viliongezwa viti viwili, vya pamoja, na Bi Magashi akakaa na Waliotimia chini ya mawingu, kwa kuwa paa halikuwepo. Matone ya kwanza yalimwangukia mkononi, akayatazama yakikauka, na hapakutokea kitu chochote.

Shauri lililofuata lilikuwa la mzee mmoja wa nyua tano. Aliingia ubavu ubavu, njiwa wake mmoja wa nje amemfunga nyuzi tatu kwa vidole vitatu, na alikuwa anatetemeka kuliko yule njiwa. Alipomwona Bi Magashi kwenye kiti uso wake ulifunguka. Habari za mwanamke wa nyua nne zilikuwa zimeshamfikia.

“Bi Magashi,” alisema Bwana Mwinjuma, “wewe umepita njia hii. Baraza lingependa kukusikiliza kwanza.”

Nyamizi alijikuta ameushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Bi Magashi alimtazama mzee yule kwa muda, kwa wema, wala hapakuwa na chuki yoyote machoni pake.

“Mzee wangu,” alisema kwa sauti ya chini, nyororo, “shida yako ni kwamba hujajaribu kutulia.”

Waliotimia walitikisa vichwa.

“Mwambie ile baridi,” Nyamizi alisema kutoka mlangoni. “Bi Magashi. Waambie ile baridi.”

Bi Magashi aligeuka. Nyamizi alimchunguza usoni akitafuta dalili ya mzaha au woga, au hata aibu, akakosa. Alikuwa ametulia tu, na alikuwa anajitahidi kweli kukumbuka.

“Baridi gani, mwenzangu?”

Walinzi walimchukua mzee kwa kamba za mabega yake, wakaenda naye nyuma, ambako mfuniko ulikuwa bado wazi.